Tuliyoyakuta Chini ya Kapeti la Gari

Kina mama wenzetu, huenda mtashangaa kukuta habari za gari la kasi katika kurasa mlizozoea kusomea habari za malezi na mapishi. Tumeamua kuyaandika haya sisi wawili, mke na mume, kwa sababu yaliyotupata hayakuishia gereji. Yaliingia hadi chumbani mwetu. Tulikubaliana kwamba mmoja asimsemee mwenzake, kwa hiyo tutasema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo kosa lilikuwa la mmoja wetu.

Tunaishi Morogoro. Mwaka 2019, baada ya kuweka akiba kwa miaka minne, tuliagiza gari kutoka Japani. Kwa kupeleka watoto shule, kwenda ibadani na kuwatembelea wazazi Iringa, gari dogo la kawaida lingetosha kabisa. Lakini Baba watoto alikuwa na ugonjwa wa Subaru tangu utotoni. Alikuwa bado shule ya msingi Patrick Njiru wa Kenya alipomaliza wa nne katika Safari Rally ya mwaka 1994 akiendesha Subaru Impreza, na mwaka uliofuata Colin McRae akawa bingwa wa dunia kwa gari la jina hilo hilo. Picha ya gari la buluu lenye rimu za rangi ya dhahabu ilikaa ukutani kwake mpaka siku za uchumba wetu, na Mama watoto aliijua vizuri. Basi tukakubaliana, tena kwa moyo mmoja: Impreza WRX ya mwaka 2006, injini ya lita mbili yenye turbo, nguvu za farasi 250.

Wengi huuliza kwa nini Wajapani huuza magari yaliyo mazima. Kule gari jipya hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, nao ukaguzi huo una gharama. Gari likizeeka kidogo, mwenyewe huona heri aliuze. Tena wao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wao unatufaa. Bei yake hutamanisha, ila anayeagiza asisahau kodi. Kwa gari kama letu kulikuwa na ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa kuwa injini haizidi sentimita za ujazo 2,000, asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, na VAT asilimia 18. Moja hupandishwa juu ya jingine, na mwishowe kodi ikakaribia bei ya gari lenyewe pamoja na usafiri wake. Akiba yetu ya miaka minne iliishia bandarini.

Usafi wa kwanza tuliufanya pamoja, na hadi leo tunaikumbuka Jumamosi ile kwa furaha. Gari lilikuwa limefungwa kwa wiki nyingi melini, likawa na harufu ya ukungu. Tulitoa kapeti zote tukazianika, tukasugua viti kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, tukaacha milango wazi juani mpaka jioni. Taa za mbele zilizokuwa na utando wa njano tulizisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, zikang'aa. Chini ya gari tulikuta kutu, kwa maana sehemu za Japani zenye theluji hunyunyiza chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Tukaikwangua kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Injini hatukuipiga maji ya presha, kwa sababu maji yakiingia kwenye nyaya na soketi huleta matatizo yasiyokwisha.

Watoto wao walikuwa na mshangao wao. Redio ilikoma kwenye namba 90, kwa kuwa redio za Japani hupangwa chini kuliko zetu. Na kila tulipowasha gari, sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani kutoka kwenye kijisanduku kilichokuwa karibu na usukani. Kitinda mimba wetu akamwita Bibi Japani, akawa anamwitikia shikamoo kila asubuhi.

Matatizo yalianza pole pole. Kwanza zilikuja rimu kubwa na matairi membamba. Halafu springi fupi za kulishusha gari, kisha ekzosi yenye mdomo mpana isiyo na sailensa. Jumapili moja tulichelewa ibadani, na tulipoingia uwanjani mahubiri yalikuwa yameanza. Mlio ule ulifanya kanisa zima ligeuke. Mama watoto alitamani ardhi ipasuke. Jioni ile tulisemezana, lakini si juu ya lililokuwa moyoni. Tulibishana juu ya mlio tu.

Kuhusu fedha, jibu lilikuwa moja siku zote: "Mama watoto, vyote hivi havijafika hata laki tisa. Rafiki zangu wamenipunguzia."

Mwezi wa kumi na moja, Mama watoto alikuwa akisafisha gari peke yake. Aliponyanyua kapeti chini ya kiti cha dereva, akakuta risiti nne zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Rimu na matairi, shilingi 1,900,000. Ekzosi, 650,000. Springi, 420,000. Na kitu kinachoitwa valvu ya turbo, 180,000. Jumla 3,150,000. Ada ya kifungua mimba wetu ya kuanza kidato cha kwanza mwezi wa Januari ilikuwa katika akaunti ambayo Baba watoto ndiye aliyeisimamia. Hapakuhitajika mwalimu wa hesabu.

Kina mama, ninyi mnajua kinachofuata katika nyumba nyingi. Wengine hupiga kelele, wengine huenda kwa wazazi. Sisi tulifanya jambo ambalo kwa nje lilionekana kama busara: Mama watoto alizirudisha risiti mahali pake na kunyamaza. Lakini huo haukuwa uvumilivu. Alikuwa akihesabu siku, akingoja kikao cha familia cha Krismasi ili aziweke mezani mbele ya ndugu wote. Kwa wiki tatu tulikula pamoja, tukasali pamoja, na kila mmoja wetu alikuwa na siri yake.

Katika wiki ya tatu, fundi alipita nyumbani. Baba watoto hakuwapo. Fundi akasema: "Shemeji, mwambie kaka ile valvu imeongeza presha ya turbo, lakini kompyuta ya gari haijapangwa kuendana nayo. Asiende nayo mbali wala asipande nayo milima mpaka nimpeleke kwa mtaalamu. Simpati kwenye simu."

Tueleze kidogo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikiongezwa ni lazima na mafuta yaongezwe kwa kipimo, la sivyo mchanganyiko hujilipukia kabla ya wakati, injini inagonga, na pistoni huvunjika. Tena magari haya yalipangwa kwa petroli bora ya Japani yenye okteni 100, na sisi tuliweka ya chini ya hiyo. Kosa halikuwa la gari. Lilitoka kiwandani likiwa na kipimo chake, sisi ndio tuliokivuruga.

Mama watoto aliusikia ujumbe ule na kuuelewa vya kutosha. Akasema moyoni, "Mwache ajionee." Hakuufikisha.

Siku nne baadaye ikaja simu kutoka Iringa. Mama yetu, aliyemzaa mmoja wetu na kumpokea mwingine kama mwanawe, alikuwa amelazwa, na madaktari walitaka kumpasua asubuhi inayofuata. Tuliondoka saa kumi alasiri na kitinda mimba. Katika matuta ya Hifadhi ya Mikumi gari lililoshushwa lilikwaruza tumbo kila tuta, na kila mkwaruzo tulinyamaza zaidi. Wakati huo Mama watoto alikuwa amelikumbuka lile neno la fundi. Alilikumbuka tangu Mikumi. Ila kulisema sasa kulimaanisha kukiri kwamba alilificha, naye alikuwa akimwomba Mungu tufike tu.

Tuliukuta mlima Kitonga giza limeshaingia. Katikati ya kona, nyuma ya malori yaliyokuwa yakijikokota, Baba watoto alikanyaga mafuta ili apite. Tulisikia mgongano kama wa misumari ndani ya debe, kisha moshi wa buluu nyuma, kisha gari likaishiwa nguvu kabisa. Tukalisogeza pembeni kwa taabu. Dereva wa lori mmoja alisimama, akakata matawi na kuyatandaza barabarani nyuma yetu ili wanaokuja watuone. Hatukumjua jina, na hatutamsahau.

Baba watoto alijaribu kuwasha. Injini haikuitika, lakini Bibi Japani alisema maneno yake kama kawaida. Mtoto akauliza, "Baba, anasema nini?" Hakuna aliyemjibu.

Pale pale, miguu yetu ikiwa kwenye kokoto na malori yakipita kwa mngurumo, mmoja wetu alisema, "Mama watoto, nimekula ada ya mtoto." Na mwenzake akajibu, "Najua. Nimeziona risiti wiki tatu zilizopita. Na fundi alinituma nikuambie usipande mlima na gari hili, nikanyamaza kwa hasira." Tulitazamana kwa muda. Kila mmoja alikuwa amejiandaa kuwa hakimu, na sasa hapakuwa na wa kumhukumu mwenzake. Aliyekuwa akilipia makosa yetu yote mawili alikuwa kitandani Iringa.

Brekidauni ilifika usiku wa manane. Tulifika hospitali saa sita mchana, naye alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji. Muuguzi alitueleza kwamba kabla ya kuingizwa aliuliza mara mbili kama binti yake amefika. Tunamshukuru Mungu alipona, na hakutulaumu hata kwa neno moja. Lakini swali lile aliloliuliza mara mbili bado tunalisikia.

Hatukuliuza gari, kwa sababu lililoharibika halina bei. Rimu, springi na ekzosi tuliziuza kwa hasara, tukapata 1,700,000, na mtoto akaanza shule kwa sehemu ya fedha hizo. Injini nyingine iliyotumika tuliinunua Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 4,500,000, nasi tulihitaji miezi kumi na minne kuzipata. Miezi hiyo yote tulipanda daladala, na gari lilikaa uani likiwa limefunikwa turubai. Fundi ni yule yule, maana yeye peke yake ndiye aliyesema kweli mapema.

Leo gari linatembea likiwa karibu na lilivyotoka kiwandani. Mabadiliko yameruhusiwa, lakini tunaanza na yanayolinda roho za watu: pedi nzuri za breki, matairi ya kipimo sahihi, shokapu na rejeta imara. Mkanda wa taimingi tunaubadilisha usipite kilomita 100,000, maana ukikatika hubomoa injini. Oili tunaipima kila Jumamosi. Baada ya kupanda mlima hatuzimi injini papo hapo, tunaiacha ingurume taratibu dakika moja au mbili ili turbo ipoe. Kwenye dashibodi kuna daftari. Kinachozidi shilingi 50,000 hakinunuliwi mpaka tutie sahihi wote wawili, na risiti hubandikwa humo humo.

Usafi wa Jumamosi umekuwa wa wawili. Kapeti zinatolewa zote. Kuna siku Mama watoto huzinyanyua haraka mno na kuchungulia chini, na Baba watoto humwona na kunyamaza. Hatutaki kuwadanganya kwamba jambo lile limefutika. Mwaminifu aliyevunja uaminifu hujengwa upya pole pole, kama kutu inavyokwanguliwa, na aliyenyamaza kwa kisasi naye ana lake la kujenga. Tumejifunza kuulizana siku ile ile tunapoona jambo, hata kama sauti inatetemeka.

Mwaka jana mgeni mmoja anayejua Kijapani alipanda gari letu. Mtoto akawahi kumwuliza Bibi Japani husema nini. Yule mgeni akacheka: kijisanduku kile ni cha kulipia barabara za kule, na husema tu kwamba kadi haijaingizwa. Tuliambiwa tunaweza kukiondoa kwa dakika tano. Watoto wakakataa, nasi tukakiacha. Kila asubuhi anatuambia kuna kitu hakijawekwa mahali pake, na sisi tunaitikia shikamoo, tunafunga mikanda, tunaondoka.