Safari za Bwana Mdogo Katika Kisiwa cha Mombasa

Kila nyumba iliyopata kumlea mtoto hata akatimiza miaka mitatu yalijua neno moja ambalo mtoto hujifunza upesi kuliko mengine, nalo ni "Sitaki." La pili hulifuata karibu: "Mimi mwenyewe." Maneno haya yakisemwa ndani ya nyumba, wazazi hucheka. Yakisemwa njiani, katika jua la saa sita, mbele ya macho ya watu, kicheko hukauka. Ndiyo sababu wazazi wengi hukata shauri kwamba mtoto wa namna hiyo akae nyumbani mpaka apate akili. Katika habari hizi twapenda kuwaeleza jinsi sisi, baba na mama, tunavyotembea na mtoto wetu katika Mombasa, na mambo tuliyojifunza kwa kufuata hatua zake fupi.

Mtoto wetu ana umri wa miaka miwili na nusu. Nyumbani twamwita Bwana Mdogo, kwa kuwa hapokei amri ya mtu pasipo kuifikiri kwanza. Akiambiwa avae kanzu nyeupe, ataka ya buluu. Akiletewa ya buluu, ataka kuivaa mwenyewe. Na akiivaa mwenyewe, kichwa hutokea mahali pa mkono. Ukimsaidia pasipo ruhusa, huivua yote na kuanza upya.

Mombasa, kama wajuavyo wengi, ni kisiwa. Kwa upande wa kaskazini watu huvuka daraja la Nyali. Kwa upande wa bara hupita Makupa. Lakini kwa upande wa kusini, kwenda Likoni, maelfu ya watu huvuka kila siku kwa feri katika mlango wa Kilindini. Bibi yake Bwana Mdogo, mama mzaa baba, akaa Likoni. Magoti yake yamechoka, wala hawezi tena kushuka mteremko wa feri katika msongamano. Basi mjukuu asipokwenda, bibi hamwoni. Shauri la kungoja mtoto apate akili ni jepesi kulitamka. Lakini mjukuu akingojewa miaka miwili, nani ajuaye kama atamkuta bibi yake? Kwa hiyo kila Jumamosi sharti tuvuke.

Asiyepata kuvuka Likoni na ajue desturi yake. Watembeao kwa miguu hawalipi kitu. Hungoja katika banda kubwa, na njia ikifunguliwa hushuka wote pamoja: wafanya kazi, wachuuzi wenye matenga, wenye baiskeli na mikokoteni, na magari kwa njia yao. Maji ya mlango ule ni ya kina kirefu, maana ndiyo njia ya meli kubwa ziingiazo bandarini Kilindini. Wenyeji hawaisahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, jirani na Likoni, ilipopinduka, wakafa watu zaidi ya 250. Hapo si mahali pa mchezo.

Jumamosi moja tulikuwa katikati ya mteremko, tumemshika mkono kila mtu upande wake, mara Bwana Mdogo akaketi chini. Akasema, "Sitaki! Mimi mwenyewe!" Mkono hautaki, kubebwa hataki. Nyuma yetu umati wa watu ulikuwa ukishuka kama maji ya mvua. Mzee mmoja mwenye mkokoteni wa viazi akapaza sauti, "Mama, mchukue! Mchukue! Walio nyuma hawaoni chini!" Naye hakuishia kusema. Aliugeuza mkokoteni wake ukakaa kingamo nyuma yetu, watu wakagawanyika pande mbili kama mto ukutanapo na jiwe. Baba akamnyanyua mtoto, naye akajikunja mgongo kama upinde, akalia hata sauti ikamkatika, na kiatu kimoja kikamponyoka kikapotea katika miguu ya watu.

Tulipofika ng'ambo, msichana mmoja wa shule akaja mbio, akasema, "Shikamoo, baba. Kiatu cha mtoto hiki." Bwana Mdogo akafuta machozi, akanyosha mkono, akasema, "Mimi mwenyewe." Akaketi kando ya njia akakivaa, mguu usio wake. Tukangoja. Watu wote wa feri ile walikwisha kupita alipomaliza.

Nyumbani kwa bibi tulimkuta ami yake mtoto. Aliposikia habari alisema, "Huyu ataka fimbo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi." Bibi alikuwa akipeta mchele, hakuinua uso. Akajibu, "Mwanangu, walisema mkunje, hawakusema mvunje. Mtoto huyu hana kiburi, ana miguu mipya. Mwaka jana alikuwa akichukuliwa kama kikapu. Leo amejua kwamba aweza kwenda, nanyi mwataka arudi kuwa kikapu. Hata mimi nisingekubali." Kisha akatuambia sisi, "Jambo lisilo na hiari msimwulize kwa maneno ya hiari. Wala msimwambie mkiwa mmekwisha kufika, mwambieni kabla."

Ami akacheka, lakini hakuridhika. Akataja mithali nyingine, kwamba mtoto akililia wembe, mpe, umkate apate kujua. Bibi akasema, "Wembe wa kidole, vema. Bahari haikati kidole."

Maneno hayo tumeyashika. Jumamosi iliyofuata, tulipokuwa bado katika banda, tulimwambia, "Bwana Mdogo, hapa watoto wote hubebwa. Wataka mabega ya baba, au mgongo wa mama?" Akatutazama, akafikiri kama kadhi, akachagua mabega. Toka juu aliona vichwa vya watu wote, akaiona meli ya makasha, akawapungia mkono wasiomjua, nao wakampungia. Tulipokwisha vuka tulimshusha, tukamwambia, "Sasa njia ni yako." Akatembea mwenyewe mpaka mlangoni kwa bibi, mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima, na kwake nusu saa. Twasema kweli, si kila Jumamosi huwa hivyo. Iko siku alikataa mabega, akakataa na mgongo, akalia tangu ukingo hata ukingo. Siku hiyo tulimbeba vivyo hivyo, pasipo hasira wala ahadi ya pipi. Na alipoteremshwa, njia ilikuwa yake kama desturi.

Wataalamu wa siku hizi hutuambia jambo lipatanalo na la bibi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo humsaidia mtu kujizuia, hukua polepole sana, wala haikomai mpaka mtu amepita miaka 20. Basi mtoto wa miaka miwili ana nia ya mtu mzima na breki za baiskeli mbovu. Kumwadhibu kwa sababu hawezi kujizuia ni kama kumwadhibu kwa sababu hafikii rafu ya juu.

Safari ya pili tuitajayo ni ya Ngome, iitwayo Fort Jesus. Wareno waliianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliizingira tangu mwaka 1696 hata 1698, ndipo wakaitwaa. Tangu mwaka 1895 hata 1958 ilikuwa gereza la serikali, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Tulikuwa tumekusudia kumwonyesha mtoto mizinga, na mifupa mikubwa ya nyangumi. Bwana Mdogo akaupita mzinga wa kwanza pasipo kuutazama, akasimama ukutani, na hapo akakaa. Alikuwa amemwona mjusi.

Mjusi alikimbia, akasimama, akainua na kuinamisha kichwa. Bwana Mdogo naye akainua na kuinamisha kichwa. Mambo hayo yaliendelea robo saa nzima. Nasi, tulipokuwa hatuna la kufanya ila kungoja, tukaanza kuutazama ukuta wenyewe. Tumepita hapo mara nyingi tangu utoto wetu, lakini hatujapata kuona jinsi jiwe lake lilivyo. Ni jiwe la matumbawe, na ndani yake zimo alama za viumbe vya baharini, nyingine kama nyota, nyingine kama sega la nyuki. Watu waliopigania ngome hii waliupigania mwamba uliojengwa kwanza na viumbe vidogo vya bahari. Jambo hili twalijua sasa kwa sababu ya mtoto aliyekataa kwenda mbele.

Siku nyingine twavuka daraja la Nyali kwenda Kengeleni. Hapo, kando ya njia panda yenye magari mengi, umesimama mnara wa kengele wa zamani. Mwaka 1875 Wamisioni walianzisha mji upande ule, ukaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere, uwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kengele ilikuwa ikipigwa kuwaonya wenyeji wakati wa hatari. Tulimsimulia Bwana Mdogo habari hizo kwa maneno machache: kwamba walikuwako watu waliochukuliwa kwa nguvu, wakapelekwa wasikotaka. Akatuuliza, "Walisema sitaki?" Tukamjibu, "Walisema, lakini hawakusikilizwa." Akanyamaza, akautazama mnara, kisha akataka maji ya kunywa.

Yeye alisahau, sisi hatukusahau. Neno lile lituchoshalo kutwa, lilikuwa neno ambalo watu wale walinyang'anywa. Mtu asiyeweza kusema "sitaki" hana pa kusimama siku atakapoitwa na wezi au na marafiki wabaya. Kazi yetu basi si kuling'oa neno hilo kinywani mwa mtoto, bali kumfundisha mahali pake.

Sasa tuseme habari za Mama Ngina, ile barabara ya ufukoni iliyo kusini ya kisiwa, penye mibuyu mikubwa na upepo wa bahari. Watu huenda huko jioni kula mihogo yenye pilipili na ndimu, kunywa madafu, na kutazama meli zikiingia. Hapo ndipo tulipopata kanuni ya tumbo. Mtoto hana saa mkononi. Saa yake ni njaa na usingizi. Mara nyingi tulipochunguza kilio chake tuliona kwamba si ukaidi hata kidogo, ila chakula cha saa kumi kimepita. Kwa hiyo hatutoki bila ndizi mbili na chupa ya maji, na safari za asubuhi huanza saa moja, tukarudi kabla jua halijawa kali.

Jioni moja, alipokwisha kula mabuyu mekundu hata midomo ikawa kama ya mtafuna tambuu, Bwana Mdogo alikwenda kwenye mbuyu mmoja mnene akataka kuukumbatia. Akanyosha mikono yake, akaona haifiki popote. Akajaribu upande wa pili. Tulikaa kimya, maana twamjua: ukimsaidia pasipo kuitwa, ni vita. Akarudi nyuma, akautazama mti toka chini hata juu, kisha akageuka akasema, "Baba, njoo." Baba akaja, akaunyoshea mikono, haikutosha. "Mama, njoo." Haikutosha. Akamwendea muuza madafu, mtu mzima mwenye panga mkononi, akamvuta nguo akasema, "Njoo na wewe." Yule bwana akaliweka panga lake chini, akaja. Hata hivyo tulibakiza pengo, lakini Bwana Mdogo alijitia katika pengo lile, shavu lake juu ya gome, akasema, "Tumefika."

Hatukumfundisha jambo hilo. Aliruhusiwa kujaribu mwenyewe mpaka akajua mwisho wa mikono yake, na alipojua, aliita watu pasipo haya. Twadhani hiyo ndiyo njia mtoto mwenye nia apatayo adabu: si kwa kuambiwa kila saa kwamba ni mdogo, bali kwa kukutana na mti mkubwa na kuwaona wazazi wake wako karibu.

Nanyi walimu, watoto hawa watafika kwenu baada ya miaka michache. Mtawajua upesi, maana ndio watakaouliza "Kwa nini?" kabla hamjamaliza kuandika ubaoni. Wawekeeni mipaka iliyo wazi mahali penye hatari, kama feri ilivyo. Mahali pasipo hatari, wapeni nafasi na muda. Nanyi wazazi, chukueni ndizi, semeni habari za njia kabla ya kutoka, wala msiwanyime bibi na babu wajukuu wao kwa ajili ya kuogopa macho ya watu. Katika mteremko wa Likoni watu wengi walitutazama tukiaibika. Lakini mmoja aligeuza mkokoteni, na mmoja akaleta kiatu.