Senke ya Baba Watoto

Katika kurasa hizi akina mama huandika juu ya bustani, mbuzi na kushona. Mimi nyuma ya nyumba yangu nina pikipiki. Ni Senke ya zamani, tanki limepakwa rangi mara mbili, taa ya mbele imefungwa kwa mpira wa tubu. Marehemu mume wangu aliinunua kwa mtu pale Ariwara, upande wetu wa Kongo, na tuliingia nayo Uganda ikiwa imebeba godoro, sufuria mbili na mtoto wa kati. Alipofariki 2019 watu walinishauri niiuze. Sikuiuza. Nilimpa kijana mmoja jirani aiendeshe boda kutoka hapa hadi Koboko mjini, na siku nyingine akipata mteja wa mbali afike Arua. Tulikubaliana aniletee shilingi 40,000 kila Jumamosi. Matengenezo yalikuwa juu yangu, yaani anayakata kwenye hizo hizo pesa. Ugomvi ulianzia hapo.

Jumamosi moja analeta 40,000. Inayofuata 25,000. Nyingine 18,000. “Mama, breki shuu ziliisha.” “Mama, buji imekufa.” Buji ndiyo plagi, sisi wa Kongo tunaiita hivyo. Mimi wakati ule nilijua kuipanda pikipiki tu, nikae upande, nishike mzigo. Nikaanza kuhesabu kichwani. Ni pikipiki gani hiyo inayokula plagi kama mtoto anavyokula karanga? Mwisho wa 2022, pale bombani, mbele ya watu waliopanga jerikeni zao, nilimwambia anakula pesa za mayatima. Hakujibu. Aliweka ufunguo juu ya jerikeni yangu akaenda zake.

Ufunguo ulikaa msumarini wiki kadhaa.

Januari 2023 binti yangu mdogo alilazwa Arua siku 12. Wenye kuuguza mnajua: asubuhi unaosha mtoto, unampa uji, halafu saa zinakuwa ndefu. Karibu na pale nilipokuwa nanunua uji, chini ya mwembe, kulikuwa na fundi mzee wa pikipiki. Nilikuwa nakaa kivulini kwake. Siku ya tatu akaniuliza, kwa Kiswahili kile cha jeshini ambacho wazee wengi wa West Nile wanacho, “Mama, piki yako ni gani hapa?” Nikamwambia yangu iko Lobule, na sijui ina nini. Alicheka sana. Halafu akanipa kitambaa na plagi chafu nisafishe.

Mzee huyo ndiye aliyenieleza kwamba injini za namna ya Senke yangu zina ukoo. Zinafuata Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda waliona wateja wa nchi kama zetu hawabadilishi oili, wanapakia kupita kiasi, na injini zinakufa upesi. Wakaunda injini ambayo valvu zake zinasukumwa na vijiti kutoka chini, si kwa cheni ndefu ya ndani inayopanda hadi juu, ili ivumilie. Baadaye viwanda vingi vya China vikaiga muundo huo. Mzee alisema, “Walitujua kabla hatujanunua.” Lakini kuvumilia, aliniambia, si kuishi bila oili. Oili moja ile ile inaosha pistoni, gia na klachi. Ikichakaa, vyote vitatu vinaumia pamoja.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na spana namba 17, bisibisi moja, brashi ya waya na chupa ya oili 20W-50. Kijana wangu wa kwanza, anayesoma sekondari, akatoa pikipiki uani. Tuliiwasha dakika chache ili oili iwe nyepesi, tukaizima, tukaweka beseni kuukuu chini, tukafungua nati ya kumwagia. Ilitoka nyeusi. Mzee alikuwa amenionya juu ya kichujio kidogo cha waya kilicho chini ya injini: kina springi, na ukikifungua kwa pupa springi inaruka majanini. Yetu iliruka. Tuliitafuta mpaka giza, watoto wote wa jirani wakiwa wamepiga magoti kama wanaokota mchwa.

Mambo mawili hapa muyashike. La kwanza, ile nati inaingia kwenye alumini, na alumini ni laini. Ukikaza kwa hasira unakula nyuzi zake, halafu gharama yake utaijua. La pili, oili iliyotumika isimwagwe chini, hasa sisi tunaochota maji karibu. Mimi naiweka kwenye jerikeni ya lita tano yenye alama nyekundu, mbali na watoto. Kupima oili mpya ni rahisi: pikipiki isimame wima, ufute kile kijiti, ukitumbukize bila kukizungusha, uangalie kama oili iko kati ya alama mbili. Ya kwangu inaingia karibu lita moja.

Halafu tukafungua plagi. Na hapa niseme ukweli. Ilikuwa mpya. Tulifungua gurudumu la nyuma, na breki shuu nazo zilikuwa mpya, bado nene. Tulifuta vumbi la ndani kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo, si zuri kwa mapafu. Kijana wangu akaniangalia. “Mama, si alisema alibadilisha?” Nikamwambia ashike spana vizuri.

Sikwenda kwa yule kijana siku ile. Wala kesho yake. Nilijiambia labda plagi ni mpya lakini bei aliongeza. Mtu akitaka kuwa na haki hakosi mlango.

Kilichokuwa kimechoka kweli ni cheni. Ilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Cheni ya pikipiki kama yangu, ukiisukuma katikati kwa kidole juu na chini, inatakiwa icheze sentimita mbili hadi tatu. Ya kwangu ilicheza karibu sita, na nati za kuvutia gurudumu nyuma zilikuwa zimefika mwisho. Nikatuma pesa Arua, ikaja cheni mpya. Tuliiosha mikono yetu wenyewe, mimi na mwanangu, tukaivalisha kwenye spoketi, tukaunga ncha mbili kwa kile kiungo chenye klipu ndogo. Nilifunga mimi mwenyewe kwa plaizi. Ilitoa mlio, tak, nikafurahi kama niliyemaliza kujenga nyumba.

Ndipo nikamwita kijana. Nilimwambia pikipiki iko tayari, arudi kazini, matengenezo sasa yanafanyika hapa uani. Neno la samahani sikulisema. Alichukua ufunguo, akasema, “Sawa, Mama,” akapiga kiki, ikawaka mara ya kwanza.

Ilikuwa Machi, mvua za kwanza. Siku ya nne alikuwa anarudi kutoka Koboko na gunia la unga wa mihogo, hana abiria, Mungu alitusaidia. Kwenye mteremko klipu iliruka, kiungo kikachomoka, cheni ikajikunja kwenye spoketi na kulishika gurudumu. Pikipiki ilikwenda ubavu. Yeye aliangukia mkono wa kushoto.

Walimleta jioni, mkono umefungwa kwa kanga ya mtu. Kabla ya kukaa alitoa mfukoni kile kiungo, kimepinda. “Mama, hii nani alifunga?”

Klipu ina pande mbili: upande mmoja umezibwa, mwingine uko wazi kama mdomo. Kiungo kikiwa sehemu ya juu ya cheni, upande uliozibwa lazima uangalie mbele, kule pikipiki inakokwenda. Ukiugeuza, kila kinachogusa cheni kinaisukuma klipu itoke. Mzee wa Arua alinionyesha. Nakumbuka hata kidole chake. Mimi nilifunga kinyume kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusikia ule mlio.

Kijana wangu alifungua mdomo, naona alitaka kusema ni yeye. Nikamwahi. “Ni mimi nilifunga,” nikasema. “Na breki shuu niliziona. Na plagi niliiona. Ulisema kweli.”

Alinyamaza muda. Akasema tu, “Mkono unauma, Mama.”

Mfupa ulikuwa umevunjika. Alikaa karibu miezi miwili bila kuendesha. Niliuza mbuzi mmoja, nikawa nampelekea mama yake shilingi 20,000 kila Jumamosi, siku ile ile aliyokuwa ananiletea yeye. Na pale bombani nilirudi, saa ya foleni, nikasema mbele ya watu wale wale kwamba nilimsingizia. Dada mmoja akaniambia ya nini kujidhalilisha, mambo yamekwisha. Lakini mimi ndimi niliyeyaanzisha bombani, ningeyamaliza jikoni?

Wengine watauliza kama niliacha ufundi. Sikuacha. Kulipa fundi kwa kila kitu kidogo kungemaliza mapato yote, na pikipiki isiyotazamwa ingemuua mtu siku nyingine. Nilichobadilisha ni namna. Jumapili jioni pikipiki inakuja uani, na hakuna anayefanya peke yake: mmoja anafunga, mwingine anakagua bila kuambiwa aliyefunga alifanya nini. Kijana alipopona mkono, yeye ndiye mkaguzi. Jambo la kwanza anainama kuangalia klipu. Halafu cheni inasuguliwa kwa mafuta ya taa kidogo na brashi, inapanguswa, inapakwa oili. Filta ya hewa tunaitazama kila wiki wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, maana vumbi jekundu la hapa linaingia hata kwenye sanduku la nguo. Plagi ikitoka na rangi ya biskuti, injini ina afya. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, mara nyingi filta imeziba au petroli inaingia nyingi. Ikiwa na unyevu wa oili, naanza kuomba, kwa sababu huenda ringi zimechoka. Mwanya wa plagi uwe pungufu kidogo ya unene wa kadi ya laini ya simu.

Injini yenyewe siifungui. Beringi za magurudumu pia namwachia fundi, na valvu zikianza kupiga tik-tik-tik tunampelekea asubuhi injini ikiwa baridi, maana nafasi yake inapimwa kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Kabureta tunasafisha kikombe chake tu, nje, mchana, mbali na jiko la mkaa. Petroli za chupa za barabarani nilikataza, zile zinazochanganywa na mafuta ya taa, ingawa najua kijana akikwama njiani ananunua hizo hizo.

Mwezi huu ameleta 40,000 mara tatu na 31,000 mara moja. Hiyo moja ilikuwa tubu ya nyuma. Aliniletea ile iliyotoboka nione. Nikamwambia haikuwa lazima. Akasema anajua.

Mwenye haja ya spana namba 17 aje tu, ni nyumba ya tatu baada ya bomba. Ila irudi siku hiyo hiyo, ya kwanza ilipotea hivyo hivyo.