Waloki Hasafiri Kwenda Nyamira

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulianza kuchezwa mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka ninapolala. Dave Arneson, mwenyeji wa Minnesota, alikuwa akiwakusanya wenzake katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake mjini St. Paul mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwazungusha katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Baadaye akashirikiana na Gary Gygax wa Lake Geneva, jimbo jirani la Wisconsin, na mwaka 1974 kikatoka kisanduku cha kwanza, vijitabu vitatu ndani yake, nakala 1,000 tu. Sisi Wakisii tulipoanza kumiminika Brooklyn Park na Brooklyn Center, hapa Minnesota, kuja kuwatunza wazee wa watu, hakuna aliyetudokeza kwamba tunahamia penye asili ya mazimwi. Nililetewa habari hizo na watoto wangu, pamoja na dadu za pande ishirini ambazo sasa nazikanyaga kila nikirudi kutoka zamu ya usiku.

Kwa asiyeujua: kila mchezaji ana mhusika wake, mmoja mezani ndiye mwendeshaji anayesimulia dunia na hatari zake, na dadu huamua kama upanga umefika ulikotumwa. Mhusika lazima awe na fani, yaani mpiganaji, kasisi, malenga, mwizi, na kadhalika. Mwaka 1974 fani zilikuwa tatu. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kina 12, na kila moja ina matawi manne, ambapo mtu huchagua moja mhusika wake anapofika ngazi ya tatu. Jumla ni matawi 48, na juu ya hayo watoto hubishana jinsi mashabiki wa timu ya soka ya Shabana wanavyobishana kuhusu nani aanze namba tisa. Mezani petu hukaa wanangu wawili, msichana wa Kiliberia wa nyumba ya pili, na kijana wa Kihmong ambaye ndiye mwendeshaji. Mimi hukaribishwa wakipungukiwa na mtu.

Tawi langu ni la mtabiri, chini ya fani ya wasomi wa uchawi. Kanuni yake ni tamu. Mtabiri akiamka usingizini hutupa dadu mbili za pande ishirini na kuziweka kando, namba zikionekana wazi. Siku hiyo, wakati wowote, anaweza kuichukua namba mojawapo na kuiweka mahali pa dadu ya mtu mwingine, awe rafiki au adui, kabla haijatupwa. Ukipata kumi na tisa unamwekea mwenzako anayeruka genge. Ukipata mbili unafurahi vilevile, maana ni ya yule zimwi. Kazi ya mtabiri si kuiumba kesho. Anayo tayari mkononi, na shida yake ni kujua imhusu nani na lini.

Hapo ndipo Sakawa alipoingia mezani petu. Wazee wa Kitutu husimulia kwamba nabii huyu alipita Getembe, ambako leo ni mji wa Kisii, akionyesha: hapa kitakaa kituo cha polisi, hapa hospitali, na watakaovijenga ni watu weupe. Husemwa alitoweka mnamo 1902. Alikuwa ameacha pia neno kwamba wazungu hao wataondoka. Septemba 1914 Wajerumani wakavuka kutoka upande wao wa mpaka wakaingia Kisii, maafisa wa Kiingereza wakauhama mji, na watu wakaona siku ya Sakawa imewadia. Ofisi zikaporwa, maduka yakaporwa. Waingereza walirudi haraka, wakatwaa mifugo na kutoa adhabu ambayo babu zetu hawakuisahau. Niliposimulia haya, kijana wa Kihmong alitikisa kichwa akasema namba ilikuwa sahihi, ila waliitumia mapema mno. Sijawahi kusikia mwanahistoria akilisema jambo hilo kwa maneno machache hivyo.

Mwanangu wa kiume hana subira na manabii. Yeye ni mpiganaji wa hasira, na shujaa wake wa nyumbani ni Otenyo Nyamaterere, ambaye Januari 1908, kwa uchochezi wa mganga na nabii Moraa, alimchoma mkuki Northcote, mtawala ambaye Wakisii walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, akaja kuwa Gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Mwanangu ana maelezo yake: dadu ya kulenga ilitoka vizuri, dadu ya madhara ikatoka mbili. Otenyo mwenyewe hakupewa nafasi ya kutupa tena.

Tawi alilolichagua mwanangu huyu hukopa nguvu za wanyama. Katika kitabu cha 2014 liliitwa njia ya shujaa wa mnyama wa ukoo. 2024 wakalibadilisha, sasa ni njia ya moyo wa porini. Kila akipandwa na hasira huchagua: dubu, tai au mbwa mwitu. Siku moja akaniuliza sisi tuna mnyama gani, nikamwambia, na nikamweleza kwamba Abanchari wana kiboko na kila ukoo una wake. Akataka kujua unabadilishaje. Nikamwambia habadilishwi, anakuja na baba. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia tulikulia bila maji ya bomba. Jambo hilo nalo ni kweli.

Malenga nitamtaja harakaharaka, kwa sababu msichana wa Kiliberia anamcheza vizuri kuliko ninavyoweza kueleza. Nilimchezea video za obokano, zeze letu kubwa la nyuzi nane, lenye mngurumo mzito unaotetemesha ubao wa meza. Tangu hapo mhusika wake hana gitaa.

Binti yangu ndiye mwenye kesi ngumu. Alianza kama waloki. Katika mchezo, waloki ni mtu aliyefunga mkataba na kitu kikubwa kuliko yeye, jini wa motoni au kiumbe cha kale kisichokuwa na sura, akapewa uwezo kwa malipo ambayo hayasemwi waziwazi. Fani hii inapendwa sana na wasichana wa umri wake na sioni ajabu. Ina mavazi mazuri na siri nyingi. Basi wakati wa simu ya video ya Jumamosi jioni, bibi yake akiwa nyumbani Nyamira, Kenya, akamwambia kwa Ekegusii chake cha kuungaunga kwamba amepanda cheo, sasa yeye ni omorogi, yaani mchawi, wa ngazi ya tano.

Mama yangu hakucheka. Alisema, "Mpe baba yako simu." Kisha kwangu, kwa sauti ya chini, "Momura one, umemsikia mtoto? Hapa jikoni kuna watu. Hilo neno si la kutamkwa na watu wakiwa jikoni."

Asiyetoka kwetu anaweza kudhani ni ushamba wa kizee. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake, walichomwa moto Kisii na umati uliowatuhumu kwa uchawi. Oktoba 2021 ikawa zamu ya Marani: wanawake wanne wazee, kwa tuhuma ileile. Mama yangu ana umri wao. Ni mjane, na ana shamba la majani chai ambalo mtu yeyote mwenye jicho angelipenda, na anajua kama kila mjane wa Nyamira na Kisii anavyojua kwamba nyuma ya neno hilo mara nyingi kuna mpaka wa shamba, wivu wa wake wenza, au kijana aliyeugua bila kupelekwa hospitali. Tuna Sheria ya Uchawi tangu 1925, iliyotungwa na wakoloni waliotaka kumwadhibu anayejidai mchawi na pia anayemsingizia mwenzake. Haijamzuia mtu mwenye kibiriti usiku wa manane.

Kwa hiyo nilimweleza binti yangu, bila kumpunguzia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo bado linanikera: kwa nini Sakawa ana sifa na hao bibi wana moto? Wote wanasemwa kuwa na uwezo usioonekana. Nilimtaja Moraa, mwanamke aliyeheshimiwa. Akasema huyo ni mmoja, tena wa 1908.

Wamarekani hawana la kujivunia hapa. Salem, Massachusetts, walinyonga watu 19 mwaka 1692, na leo mji huohuo unawauzia watalii kofia zenye ncha. Pengine karne tatu zikipita Marani nako watauza kofia. Hata mchezo wenyewe ulipitia kiwewe chake: katika miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wengi wa hapa waliamini unawapeleka watoto kwa shetani, na toleo la 1989 likaondoa mashetani na fani ya muuaji wa kukodiwa ili kununua amani. Nilipomweleza hayo mzee mmoja wa kanisa letu la Wasabato, ambaye alibatizwa Nyanchwa na anaishi Minnesota miaka mingi kuliko mimi, alijibu kwamba wahubiri wale walikuwa sahihi. Hatukuendelea.

Nikipima nyumba zangu mbili kwa kipimo cha mchezo huu, najikuta siegemei upande ninaotarajiwa. Ningeweza kusema hapa mtu huchagua tawi lake na kule hupangiwa, nikapigiwa makofi na wanangu. Lakini nilipofika Minnesota na shahada yangu ya ualimu hakuna aliyeniuliza nataka fani gani. Mkisii ni CNA. Unashuka kwenye ndege, binamu anakupokea, wiki haijaisha umesajiliwa darasa la usaidizi wa wauguzi, na baada ya hapo ngazi za uuguzi zinajulikana: LPN, RN, na mwenye bahati ana nyumba yake ya kutunzia wazee. Ni kazi ya heshima na imejenga nyumba za mawe kuanzia Keroka hadi Suneka. Bado ni tawi nililokabidhiwa mlangoni, na wenyeji hapa wakiniona na sare ya hospitali hawashangai hata kidogo, ila wakinisikia nikizungumzia fasihi hushangaa.

Na kule nyumbani, mambo mengine ya kurithiwa yalikuwa na ubora ambao uchaguzi huru hauna. Nafikiria ababari, wapasuaji wa vichwa wa Kisii. Mtu akipigwa rungu au kuanguka, akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, omobari aliikata ngozi ya kichwa, akaufunua mfupa, akaukwangua polepole kwa chuma hadi pale palipopasuka pakaondoka, akiulinda utando wa ubongo ulio chini yake. Mgonjwa alikuwa macho, ameshikwa na ndugu zake. Edward Margetts, daktari wa akili aliyefanya kazi Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, aliandika kuhusu waganga hawa na wagonjwa wao waliopona na kuendelea na maisha wakiwa na mafuvu yenye matundu. Ufundi kama huo huwezi kuuchagua ukifika ngazi ya tatu. Unakaa miaka kando ya anayeujua, unashika beseni, unafukuza nzi, hadi siku anapokukabidhi chuma.

Binti yangu aliposikia hayo alisahau jini wa motoni. Sasa anaunda kasisi wa tawi la uhai, lakini omobari, na ugomvi umeanza. Kitabu kinasema kasisi wa tawi hilo akitumia tiba, mgonjwa hupata nafuu papo hapo, tena na nyongeza. Binti anasema hiyo si tiba, ni bahati nasibu. Anataka mgonjwa wake kwanza apoteze nguvu, ashikwe na wenzake wawili ambao hawatapigana raundi mbili, kisha dadu itupwe, na ikitoka chini ya kumi mambo yaharibike. Akipona, apone kabisa, hata laana ya kichwa iondoke. Mwendeshaji anasema hakuna atakayekubali kutibiwa hivyo katikati ya vita. Msichana wa Kiliberia anasema malenga wake yuko tayari, mradi obokano ipigwe wakati wa kukwangua na kila mdundo uongeze namba moja.

Tunasafiri Desemba. Waloki atabaki Brooklyn Park ndani ya jalada lake, na hilo binti amelikubali kwa masharti: nimtafutie mzee mmoja, upande wa Kisii au wa Nyamira, aliyewahi kumwona omobari kazini, amuulize ni siku ngapi mgonjwa alipaswa kulala kabla ya kurudi shambani. Mwendeshaji anasubiri namba hiyo. Amesema akiletewa ushahidi ataandika kanuni, ila raundi mbili za kushikwa ni nyingi, hazipiti.