Dizeli Imekwenda Wapi?



Wasomaji wengi wa Singida mnaifahamu pawatila, ile mashine ya kulimia yenye injini ya dizeli ya silinda moja, ambayo dereva huiongoza kwa vishikio viwili huku visu vikizunguka na kuchimbua udongo nyuma ya magurudumu. Zilienea sana nchini baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Nyingine siku hizi zinavuta trela la maji na tofali kuliko zinavyolima.

Parokia tuliyokaa likizo ya Noeli, humu jimboni Singida, inayo moja. Wajane na wazee wa jumuiya hulimiwa kwanza, kwa gharama ya dizeli tu, wengine hulipia. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba, na anayechelewa kupanda alizeti hupanda huku akisali novena.

Tulikuta kijana anayeiendesha ameshahukumiwa. Daftari la parokia lilionyesha kwamba dumu la lita 20, lililokuwa likilima ekari tatu, sasa halifikishi mbili. Watu wakajumlisha wenyewe: anauza dizeli. Ilikuwa imepangwa aondolewe Jumapili inayofuata, na mbadala wake alishatajwa. Yeye alituambia jambo moja tu: "Frateri, njooni tulime wote siku moja, mwone."

Tukaenda, wanne, pamoja na fundi mzee wa kijijini. Asubuhi, mashine ikiwa ya baridi, ililima vizuri. Baada ya nusu saa hivi, kila ilipokuta udongo mgumu, injini iliendelea kunguruma kwa nguvu zake zote, lakini magurudumu na visu vilisimama pamoja. Hilo la "pamoja" ndilo lililotuamsha. Kama kingeteleza kitu cha upande mmoja wa magurudumu, mashine ingepinda. Kama vingekuwa visu peke yake, magurudumu yangeendelea kwenda. Vyote vilipokosa nguvu kwa mara moja, tatizo lilipaswa kuwa kabla nguvu haijagawanyika ndani ya giaboksi. Hapo kuna vitu viwili: mikanda inayotoka kwenye injini, na klachi iliyo ndani ya puli inayozungushwa na mikanda hiyo.

Fundi alituambia tuitazame puli wakati mashine imekwama. Ilikuwa inazunguka kwa kasi. Basi mikanda ilikuwa inafikisha kazi yake. Kazi ilikuwa inapotelea ndani ya puli. Tulipozima injini, mikanda ilikuwa ya uvuguvugu tu, lakini kitovu cha puli hakikugusika kwa joto na kilinuka kuungua. Fundi alirekebisha kwanza fito ya klachi, kwa sababu fito ikikaza mno, klachi haishiki kikamilifu na huteleza hata ikiwa mpya. Tuliendelea kulima kidogo, ikateleza tena. Ikabidi ifunguliwe.

Ndani, pleti zilikuwa zimeiva kwa weusi na zimelowa oili. Sili inayozuia oili ya giaboksi isitoke kwenye shafti ilikuwa imekatika ukingo. Tulidhani zingeoshwa kwa petroli, zikauke, zirudishwe. Fundi alicheka: oili ikishanyonywa na pleti, joto la kwanza huitoa tena juu. Zilinunuliwa pleti mpya na sili mpya mjini Singida, kwa mchango wa akina mama wa WAWATA waliokuwa wakisubiri kulimiwa. Sili ilitangulia, pleti zikafuata; angefunga pleti akaiacha sili ya zamani, tungerudi palepale.

Na dizeli? Injini inakunywa kwa saa inazonguruma. Daftari lilihesabu ekari. Klachi ikiteleza, saa huongezeka na ekari hupungua, na nguvu iliyonunuliwa kwa fedha ya parokia huishia kuwa joto ndani ya puli. Mwizi angeacha hesabu ileile kabisa kwenye daftari.

Darasani tunasoma kwa Aristotle tofauti ya kujua kwamba jambo lipo na kujua kwa nini lipo. Tulizoea kuiona kuwa ni mada ya mtihani. Kwenye shamba lile ilikuwa ajira ya mtu na jina lake. Kamati ilijua kwamba dizeli inaisha, na katika hilo ilikuwa sahihi. Ya "kwa nini" iliijaza yenyewe, kwa jibu lililokuwa jepesi kwa sababu dereva ni maskini. Katekisimu, namba 2477, inamhesabia kosa la hukumu ya harakaharaka hata yule anayeamini kimoyomoyo, bila msingi wa kutosha, kwamba jirani yake ametenda uovu. Wengi wetu tunapoungama amri ya nane tunataja uongo na masengenyo. Hili la kimoyomoyo tunaliruka.

Baba Paroko aliisoma taarifa ya fundi mbele ya kamati, pleti za zamani zikiwa mezani juu ya gazeti. Kulikuwa kimya, kisha ikaanza ajenda ya paa la kigango. Hatukusikia neno la kumwomba kijana radhi. Daftari limeongezewa safu ya saa za injini, na kijana anaijaza mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Wiki ile alilima mashamba sita. Mawili yalikuwa ya wajumbe wa kamati.