Rudisha Hapo, Nione Dole Gumba

Kabla ya mkongo wa baharini wa Seacom kuanza kazi Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, intaneti yetu ilikuwa inapitia angani, kwenye setilaiti, na kutazama video ya dakika kumi lilikuwa jambo la kupangia siku. Unakwenda intaneti kafe, unalipia saa nzima, unafungua YouTube na kuliacha duara dogo lizunguke huku unasoma barua pepe. Kipande kikishajaa unatazama, kisha unasubiri kingine. Mkongo ulipofika mambo hayakubadilika kwa usiku mmoja, lakini yalibadilika. Vijana wa kafe wakaanza kushusha video usiku na kuwachomea wateja kwenye CD. Ndipo mimi na mama mdogo tulipoanza kujifunza kutengeneza shanga za udongo wa polima.

Kwa asiyeufahamu, udongo huu ni unga wa plastiki ya PVC uliokandwa pamoja na kilainishi na rangi. Unabaki laini mpaka uuoke, na ukishauoka haulainiki tena. Ujerumani, binti wa Käthe Kruse, mtengenezaji maarufu wa wanasesere, alibuni mchanganyiko wake, na mwaka 1964 kampuni ya Eberhard Faber ikauchukua, kisha ikauuza kwa jina la FIMO. Wamarekani walikuwa na wa kwao, Sculpey. Mwaka 1991 Nan Roche akachapisha kitabu chake The New Clay, na kufikia hapo wasanii wa Marekani walikuwa wameshaupandisha kutoka meza ya watoto hadi meza ya sonara. Kwetu ulifika kwenye sanduku la binamu aliyerudi kutoka Uingereza: vipande vya gramu 57, kila kimoja kwenye karatasi yake, vyeupe, vyekundu, vya njano, vya buluu na vyeusi. Rangi nyingine zote tulizipata kwa kuchanganya.

Mama mdogo alikuwa fundi kabla ya hapo. Alikaa Magomeni, na riziki yake ilikuwa kushona shanga juu ya makubazi na kutunga shanga za kiunoni za maharusi. Shanga alizinunua Kariakoo, zile ndogo za kioo zinazotoka Ucheki, na akikushikia kiganja chenye shanga mia angekuonyesha zilizopinda bila kuvaa miwani. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kuambiwa ushanga ni nini. Pwani hii imejua shanga tangu majahazi ya kwanza. Kilwa Kisiwani wanaakiolojia wamefukua shanga za kioo zilizovuka bahari kutoka India, na misafara ya karne ya 19 haikuondoka Bagamoyo bila mizigo ya shanga, nyingi kati yake zikiwa kazi ya mafundi wa Venisi. Alichotaka mama mdogo ni kuacha kununua na kuanza kutengeneza. Kioo kinahitaji tanuru. Udongo huu ulihitaji oveni ya keki.

Mbinu iliyomvuta kuliko zote ni ile ya gogo, ambayo watu wa polima waliichukua kwa mafundi wa kioo. Unapanga vipande vya rangi kwa urefu, petali kuzunguka kiini, mpaka upate gogo nene ambalo ukilikata popote ua lilelile linatokea. Halafu unaliminya taratibu, ukianzia katikati na kuelekea kwenye ncha, lirefuke na kuwa jembamba, na ua linapungua pamoja nalo. Gogo lenye unene wa mkono linaweza kuishia unene wa penseli na petali zote zikawa mahali pake. Ukilikata likiwa bado na joto la mikono, linavutika na ua linakuwa tope. Linatakiwa lipumzike, na kwa joto la Dar lilipumzika kwenye jokofu la jirani, ndani ya mfuko, mbali na samaki.

Masomo yale yalikuwa marefu, na katika kumbukumbu zangu zote za wakati ule urefu huo ndio ninaoulilia zaidi. Mwalimu, mwanamke wa Marekani ambaye sura yake hatukuiona mara nyingi, alikaa mezani na kamera ikatazama mikono yake kwa dakika arobaini. Alikanda. Alikanda bila kuharakisha, akaeleza kwa nini udongo usiokandwa unapasuka ukikunjwa, akakunja kipande kibichi ili tukione kinapasuka, akarudi kukanda. Akitoboa ushanga alianza kwa sindano upande mmoja, akaizungusha badala ya kuisukuma, na ncha ilipoanza kuchungulia upande wa pili aliichomoa na kuingia kwa upande huo, ili tundu lisitoke na kivimbe pembeni. Jambo hilo lilimchukua muda, naye hakulikata.

Kiingereza kilikuwa changu, mikono ilikuwa ya mama mdogo. Nilikaa karibu na kompyuta nikitafsiri, naye alikaa nyuma yangu na kanga mapajani. Baada ya muda mfupi ilinidhihirikia kwamba yeye anaona mambo ambayo mwalimu hayasemi. Siku ya kujifunza kufifiza rangi, mbinu inayobeba jina la Judith Skinner, nilikuwa naandika kila neno: kata pembetatu mbili, moja ya kila rangi, ziweke ziegemeane zifanye mstatili, kunja, pitisha kwenye mashine ya tambi, kunja tena, kila mara kwa upande uleule, mpaka nyekundu iingie kwenye njano bila mpaka kuonekana.

"Rudisha hapo, mwanangu," akaniambia.

"Wapi, mama mdogo?"

"Hapo anapokunja. Nione dole gumba."

Nikarudisha. Mwalimu, kila alipokunja, alipitisha dole gumba kwenye mkunjo kutoka ncha moja hadi nyingine kabla ya kuupeleka kwenye mashine, mkunjo ukitangulia. Hakulitaja hata mara moja. "Anatoa hewa," mama mdogo akasema. "Asipoitoa, itavimba jikoni." Mashine sisi hatukuwa nayo. Tulisukuma kwa mti wa chapati uliostaafishwa kazi ya chapati kuanzia siku hiyo, kwa sababu kifaa kilichogusa polima hakirudi kwenye chakula. Mikunjo ambayo mashine huimaliza kwa dakika chache, kwa mti wa chapati ilikula jioni nzima. Ilipotoka, rangi ilikuwa kama embe dodo linaloiva upande mmoja.

Kuoka ndiko kulikotupa shida kubwa, na ndiko nilikojifunza heshima ya kazi hii. FIMO inataka nyuzi 110 kwa nusu saa. Aina nyingine zinataka hadi 130. Joto likipungua, ushanga unatoka mgumu kwa nje lakini ndani haujaungana, na baada ya mwezi unavunjika kama biskuti ya muhogo. Joto likizidi sana, PVC inaungua na kutoa moshi mbaya unaochoma koo na macho, na hapo unafungua madirisha na kutoa watoto nje. Jiko la mkaa lenye moto juu na chini, ambalo limeoka keki nyingi nzuri za Magomeni, halikufaa, maana hulisomi nyuzi. Tulitumia oveni ndogo ya umeme ya mezani, na kipimajoto tulichokitundika ndani kilituonyesha kwamba kitufe cha oveni na joto lenyewe havikubaliani kabisa. Kisha mwaka 2011 mgao wa umeme ukawa mkali. Umeme ukikatika katikati, mama mdogo hakufungua mlango wa oveni. Alisubiri urudi, akahesabu nusu saa upya kuanzia pale sindano ya kipimajoto iliposimama. Kipande chembamba kilichoiva vizuri alikipinda mbele ya mteja: kilikunjika na kurudi. Hiyo ndiyo ilikuwa dhamana yake.

Baada ya oveni ni msasa, ndani ya beseni la maji ili vumbi lisiruke, namba 400, kisha 600, kisha 1000, na mwisho kitambaa cha jinzi kuukuu. Ushanga uliosuguliwa hivyo unang'aa bila vanishi. Mabaki ya rangi zilizovurugika hayakutupwa. Yalikandwa pamoja na kuwa kiini, na ua likakatwa jembamba na kubandikwa juu. Hakuna mteja aliyejua kwamba ndani ya ushanga wake kuna rangi ya matope.

Leo kujifunza ni rahisi mno. Simu iko mkononi, na video ya TikTok inafunguka kabla hujaamua kama unaitaka. Wasichana wa Dar, Nairobi na Mombasa wanafundisha kwa Kiswahili chetu, wengine wakiwa na meza nzuri na taa ya duara. Udongo unaagizwa mtandaoni na bodaboda anauleta mlangoni, mashine ya tambi inauzwa, herini zinapigwa picha na kuuzwa kwenye WhatsApp, malipo yanaingia kwa simu. Binti wa kaka yangu amelipa sehemu ya ada yake ya chuo kwa herini, na ninajivunia hilo waziwazi. Mama mdogo angelipata soko hilo, asingehangaika kubeba makubazi kwenye mfuko hadi kwenye harusi za watu.

Lakini nikikaa na binti huyo tukatazama anachotazama, naona kilichokatwa. Somo ni sekunde thelathini. Udongo unaonekana mzima, mikono inapita juu yake, umekuwa ua. Wimbo unapigwa. Kukanda hakupo. Kupumzisha gogo hakupo. Oveni inaonekana mlango ukifungwa na mlango ukifunguliwa, na ile nusu saa katikati, ambayo ndiyo inayoamua kama herini itadumu au itavunjika sikioni mwa mteja, imefutwa. Hata kilichoharibika hakionyeshwi. Mwalimu wa zamani alikuwa akipata povu la hewa anatuonyesha, analichoma kwa sindano, analipapasa, anaendelea. Sasa chenye povu hakirekodiwi, au kimerekodiwa na kimekatwa, na msichana anayepata povu nyumbani kwake anadhani ni yeye tu.

"Shangazi, mbona zangu zinakatika na za huyu hazikatiki?" aliniuliza.

Nilimtundikia kipimajoto kwenye oveni. Kitufe kilisema 130, ndani hata 100 hapakufika.

Kuna na hili la plastiki, nalo sikulifikiria wakati ule jinsi ninavyolifikiria sasa. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, na mimi hapa ninafundisha watoto kutengeneza mapambo ya PVC. Ushanga ulioivishwa vizuri na kuvaliwa miaka ishirini naweza kuutetea. Herini isiyoiva, inayotupwa baada ya wiki mbili, siwezi kuitetea.

Mama mdogo alifariki. Zile CD hazisomeki tena; nyingine zimechubuka, na nyumba nyingi hazina hata mashine ya kuzisomea. Mwalimu wetu wa Marekani sijui video zake ziko wapi. Nimebaki na daftari lenye michoro ya magogo na namba za msasa. Kinachonikereketa ni kitu kingine. Kwa miaka ile tulitazama mikono ya wanawake wa mbali kwa saa na saa, tukaijua mpaka makovu, na mikono ya mama mdogo ikitunga shanga za kiunoni haikurekodiwa popote. Simu za wakati ule zilijaa kwa picha chache. Kazi yake pia tuliiona ya kila siku, kitu kilichokuwapo na kitakachokuwapo. Alikuwa na fundo lake la kufungia, dogo kuliko ushanga wenyewe, linalojificha ndani ya tundu ili lisimkwaruze bibi harusi kiunoni. Nililiona likifungwa tangu utotoni na siwezi kulifunga.

Magomeni yuko bibi mmoja, shoga yake mama mdogo, aliyekuwa akishona naye, na yeye analijua fundo hilo. Nilikwenda kumwamkia na binti wa kaka, tukamweleza. Alikubali kwa sharti: sura yake isionekane, na video isikatwe. Binti alitaka kumwambia kwamba video ndefu watu hawaitazami. Nilimzuia kwa jicho. Siku hizi anakwenda huko Jumamosi na simu yake na kigoda cha kuiegemezea, anarekodi bila wimbo, bibi akieleza kwa sauti yake jinsi ya kupaka nta uzi na kwa nini shanga za rangi fulani haziwekwi karibu na kitovu. Kipande kimoja ni cha dakika hamsini na tano. Wamekwama kwenye fundo tu: bibi ni mtu wa mkono wa kushoto, na kwa pale simu ilipowekwa, kidole chake cha shahada kinalifunika fundo wakati wa kuvuta. Binti anasema Jumamosi ijayo atahamisha kigoda upande wa pili na kuomba dirisha lifunguliwe, warudie kuanzia mwanzo.