Tuta Lililopinda

Binti mmoja wa Runyenjes, Embu, aliyesomea usanifu wa mandhari huko Juja, alikuwa akitayarisha michoro ya kuombea shahada ya uzamili ya kimataifa katika fani hiyo, Nürtingen, Ujerumani. Bustani za mjini alizimaliza upesi. Mteremko wa kwao ulimsumbua: msitu wa Mlima Kenya, majani chai, kahawa juu ya matuta, hadi mtama wa Mbeere. Mandhari ya kupendeza, naam. Lakini matuta yalichimbwa kwa shuruti ya wakoloni.

“Nyanya, nani aliyeyapanga?”

“Walipanga wao, tukachimba sisi,” akajibu ajuza, mzaliwa wa Meru aliyeolewa Embu. “Ila tulipofika penye mugumo, tulilipinda tuta.”

Penye nafasi ya msanifu, binti aliandika jina la nyanya yake.