Kiyoyozi katika Gari la Marehemu Baba

Miongoni mwa vitu alivyotuachia marehemu baba ni gari moja la Peugeot 404, la mwaka 1965, rangi ya maziwa, lililotoka kiwandani bila kiyoyozi. Baba alilipenda kwa sababu gari la namna hiyo, likiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania, lilishinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966, likashinda tena mwaka 1967. Mimi nililipenda kwa kuwa lilikuwa lake. Nilipolirithi niliweka nadhiri kwamba hautaingia ndani yake msumari wala waya ambao baba hakuujua.

Nadhiri ile niliishika miaka sita, na aliyeilipia si mimi bali mama yangu.

Mama ni mtu mzima wa miaka sabini na minane, na moyo wake ni dhaifu. Kila mwezi humpeleka mjini kwa daktari. Joto la Dar es Salaam katika Februari lajulikana: nyuzi 32 na zaidi kivulini, na unyevu wa bahari juu yake. Gari likienda, vioo vikiwa chini, hali huvumilika. Likisimama katika foleni ya Magomeni upepo nao husimama, na bati la paa huwa kikaango. Teksi mama haitaki. Husema kiti cha mbele cha gari lile ni chake tangu siku lilipoingia nyumbani. Februari ya mwaka jana, katikati ya foleni, nilimsemesha asinijibu. Nilipogeuka nilimwona kichwa kimeangukia mlangoni na macho hayanioni. Kijana muuza maji alituhurumia, akatupa chupa mbili, tukamlowesha mama kanga mpaka akazinduka. Naona haya kuandika kwamba hata usiku ule nilikuwa nikibishana na nafsi yangu juu ya uasilia wa gari.

Asubuhi nilikwenda Gerezani kwa fundi mmoja. Mimi nilisema kiyoyozi, yeye alisema eisii. Kila mmoja alishika neno lake mpaka kazi ilipokwisha.

Siri ya chombo hiki haiko mbali na siri ya mtungi. Mtungi hutoa jasho, jasho likikauka huondoka na joto, maji ya ndani yakapoa. Katika kiyoyozi jasho hilo ni gesi iliyofungwa katika mabomba: kompresa huikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza hata iwe maji, kisha hufunguliwa ndani ya gari igeuke gesi tena na kunyonya joto letu. Kampuni ya Packard ya Marekani iliwauzia watu magari yenye kiyoyozi tangu mwaka 1939, lakini aliyetaka kukizima ilimbidi asimamishe injini, afunue boneti, avue mkanda kwa mkono. Gesi iliyotumika miaka mingi baadaye, R-12, ilikuwa ikila tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ilikusudia kuikomesha pamoja na wenzake. Tuliyotia sisi, R-134a, haili ozoni, lakini ikivuja huzidisha joto la dunia zaidi ya mara elfu kuliko kabonidayoksaidi ya uzito ule ule. Kwa hiyo nilimsihi fundi akaze kila kiungo mara mbili.

Kazi haikuwa nyepesi. Injini ya 404 hulala ubavu kwa nyuzi 45, basi kishikizo cha kompresa kilifuliwa upya mara tatu. Dainamo haikuweza kulisha feni na taa pamoja; ikatolewa, ikatiwa alteneta. Rejeta ilizibuliwa na kuongezewa feni ya umeme. Kila kilichotolewa nilikifunga katika gunia na kuandika jina lake, kama mtu ahifadhiye mifupa.

Ikabaki kutoboa ukuta ulio kati ya injini na abiria, na hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote. Fundi alifunua zulia upande wa mama, akaniita. “Mwalimu, hapa pametobolewa zamani.” Palikuwa na tundu kadiri ya kikombe cha kahawa, limezibwa kwa kipande cha kandambili, na kingo zake zimepigwa tupa vizuri. Tupa ile niliijua ni ya nani.

Nilimwuliza mama. Akacheka. “Nilipokuwa na mimba yako joto lilinitesa. Baba yako akaleta bomba la mpira kutoka mbele ya rejeta, eti linipulizie. Lilileta vumbi na moshi, nikatapika, akaling'oa.”

Mabomba ya gesi yalipitia tundu lile. Hatukutoboa jingine.

Safari ya kwanza tuliifanya mwezi uliofuata. Magomeni Mapipa foleni ilitushika kama kawaida, na mama alijifunika kanga ya pili mabegani, akilalamika baridi. Mshale wa joto la injini ulipanda. Tulipofika Jangwani nilikizima, tukashusha vioo, na hewa ya moto ikaingia pamoja na salamu za wapita njia. Mama aliwaitikia wote. Kisha akapandisha kioo chake taratibu.

“Washa tena, mwanangu,” akasema. “Mpaka Fire tu.”